Niliita Benchi, Sikuita Majina

Ninyi mnaotoka chuo cha ualimu na kupewa saa za Kiingereza katika shule zetu za Beni na Butembo, huku mashariki ya Kongo, kitu cha kwanza mtakachofanya kila asubuhi ni kuita wanafunzi. Na siku ya kwanza mtaharibu, kama nilivyoharibu mimi.

Niliingia darasani Beni nikiwa na viatu vipya na sauti kubwa. Nikaita, "Kambale." Wakasimama wavulana wa kutosha timu ya mpira. Nikaita, "Masika." Upande wa wasichana ukasimama karibu wote. Mnajua wenyewe, kwetu jina la mtoto linasema alizaliwa wa ngapi kwa mama yake, basi darasa likijaa, majina ni yale yale. Nikajaribu jina la pili, nikakuta ni la babu mmoja wa ukoo mzima. Saa ikaisha bila kufundisha hata neno.

Maître Muhindo, aliyefundisha hesabu chumba cha jirani, alikuwa amesimama mlangoni anacheka bila sauti. Wakati wa mapumziko akaniambia, "Madame, weye uko unaita batu. Ita banc. Mutu anaweza kujificha. Banc haiwezi kujificha."

"Nitajuaje nani hayupo?"

"Bale benye kubaki ku banc batakuambia. Bakinyamaza, azibu banc yote. Kesho batakuambia."

Kuita benchi badala ya mtu, hiyo ndiyo njia niliyoifuata mpaka nilipostaafu. Mimi niliongeza Kiingereza tu. Ninaita, "Bench one?" Mtu anasimama na kusema wako wangapi. Kama kuna asiyekuwepo, yule aliyekaa karibu naye ndiye anayesema, kwa Kiingereza, yuko wapi na anafanya nini saa hiyo. Nikiridhika nasema "Good", napita benchi linalofuata. Sikuadhibu mtu kwa kukosa shule. Niliadhibu benchi lisilojua mtu wake yuko wapi.

Kitabu tulichopewa kilikuwa na sura nzima ya mambo ya kila siku. Mtoto anaamka, anaoga maji ya moto, anakunywa chai kwa mkate na mayai, anapanda basi la shule. Msichana mmoja aliisoma sura ile bila kutazama kitabu, matamshi safi. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Na wewe leo asubuhi umekula nini?"

Akanitazama kama mtu anayechokozwa. "Sikukula, Madame. Ile ya mayai ni Kiingereza tu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Mtoto yule alidhani Kiingereza ni lugha ya kuelezea nyumba za watu wengine. Basi nikakiweka kitabu kabatini, nikaanza kuokota maneno kutoka kwa wasiokuwepo. Benchi likisema Paluku anachota maji, naandika ubaoni namna Waingereza wanavyosema kuchota maji. Ndivyo tulivyopata kumenya mihogo, kuanika kakao, kubembeleza mtoto wa dada, kungoja zamu hospitalini. Muhula ulipoisha tulikuwa na sura yetu wenyewe, na hakuna aliyeisahau, kwa kuwa kila neno lilikuwa na mtu wake.

Uongo pia ulikuwepo, tena mwingi. Siku moja benchi la nyuma likasimama na kutangaza kwa Kiingereza kizuri sana kwamba Kambale wao anamzika bibi yake. Bibi huyo nilimjua, alikuwa akiuza beignets, yaani mandazi, kwenye lango la shule. Mapumziko nikaenda kununua, nikamwambia, "Pole, Koko. Nimesikia wamekuzika leo."

Akageuza beignet moja kwenye mafuta bila haraka. "Bamenizika na hata hawanifungie biashara? Basi hii ya matanga niko napika mwenyewe." Kisha akauliza, "Na kaburi yangu ilikuwa fasi muzuri?"

Benchi lile halikuadhibiwa. Kitenzi cha kuzika kilikuwa sahihi.

Nawaeleza haya ili mwelewe benchi la nne, kwa sababu maneno ya kila siku yalikuja kubadilika Beni. Watu wenye silaha walianza kutoka porini na kuingia vijijini, na nilipouliza mtu yuko wapi, nikaanza kupata vitenzi ambavyo sikuwa nimevifundisha. Anajificha. Analala kanisani. Anatafuta baba yake. Niliviandika ubaoni kama vingine. Préfet, mkuu wa shule yetu, alipita siku moja, akasoma, akasema taratibu, "Madame, hii haiko ku programme."

"Najua, Préfet."

Akaondoka bila kuniambia nifute.

Benchi la nne lilikuwa katika mwaka wa sita, darasa la mwisho, wale wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali. Lilikaliwa na watatu. Upande wa dirisha alikaa Kakule. Walikuwepo akina Kakule wengine, basi huyu tulimwita Kakule wa dirisha. Kijana mwembamba, Kiingereza chake kibovu, macho yake barabarani siku nzima. Darasa lilimpenda kwa kazi moja: Préfet akitokea uwanjani, Kakule alikohoa. Katikati alikaa Mbusa, rafiki yake tangu utotoni, mrefu na mbishi. Upande wa ndani alikaa Katungu, msichana aliyeandika vizuri kuliko wote na aliyesema kidogo kuliko wote.

Msimu wa kakao, Jumamosi moja, Kakule alikwenda shambani na mama yake. Siku zile kila mtu alijua namna ya kwenda shamba: unatoka jua likiwa limepanda, unarudi kabla halijaegemea. Walifuata desturi hiyo. Haikuwasaidia. Mama alikuwa ameshuka kijitoni kunawa mikono aliposikia sauti za wale watu wa porini, wasiomjua mtu. Akalala ndani ya majani ya maji. Aliposimama tena, magunia ya kakao hayakuwepo, na mtoto wa kuyabeba hakuwepo. Alirudi mjini kwa miguu, peke yake.

Jumatatu nikaita. Benchi la kwanza, la pili, la tatu. Mji mzima ulikuwa umejua. Nilipofika la nne nilisema, "Bench four?" na mdomo wangu ulikuwa tayari kuruka kwenda la tano.

Mbusa akasimama. "Two are here," akasema, kwamba wako wawili. Kisha, "Kakule is at the farm."

Yuko shambani. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Yeye alinitazama mimi. Sheria ilikuwa yangu. Alikuwa amesema kwa Kiingereza, na alikuwa amesema yuko wapi.

"Good," nikasema.

Jumanne akasema vile vile. Jumatano vile vile. Na kila asubuhi kabla sijaingia alifuta vumbi pale mahali pa dirishani kwa mkono wa sweta yake, kisha akakaa mahali pake, katikati. Hakuna aliyeweka mfuko wala daftari hapo.

Mnaelewa kwa nini hatukuwa na la kumwambia. Kwetu mtu akifa tunawasha moto wa kilio, tunalia, jamaa wanakuja kulala kwa wafiwa, wanawake wanapika pamoja, na siku ya kuondoa matanga inafika. Kuanzia siku hiyo hata jirani anaruhusiwa kulisema jina lake kama la mtu aliyekwenda. Kwa mtu aliyechukuliwa, hakuna hata kimoja cha hayo. Mama yake Kakule hakuwasha moto wa kilio, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kama atauwasha. Basi hapakuwa na mtu mjini wa kusema Kakule ni nini sasa. Ni Mbusa peke yake aliyesema, kila asubuhi, kwa lugha ambayo mama huyo haijui.

Kipindi hicho hicho akaja Masika. Huyu alikimbia na mama yake mdogo kutoka upande wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, juu ya pick-up iliyobeba magodoro na mbuzi. Alikuwa mwaka wa sita kama wengine. Chumba kilikuwa kimejaa wakimbizi wa vita, na Préfet alikuwa na sheria moja: asiye na nafasi kwenye benchi hapelekwi jina lake kwa mtihani wa serikali. "Mwanafunzi bila banc ni mugeni," alisema. Hakuisema kwa ukali. Alikuwa na watu wengi mlangoni kuliko mbao za kuwakalisha. Naye mama mdogo wa Masika alikuwa amekwisha sema lake: jina lisipopelekwa mwaka huu, msichana anabaki nyumbani kulea watoto.

Masika alikuja na kiti chake, bidon tupu la njano, dumu la kuchotea maji. Alilikalia chini ya dirisha, pembeni ya benchi la nne, anaandikia magotini. Ile nafasi ya Kakule ilikuwa sawa na bega lake.

"Mademoiselle Bidon," mvulana mmoja alimchokoza, "leo kiti yako iko na maji ao hapana?"

Hakuinua kichwa. "Kiti yangu ikitoka hapa inaenda ku robinet, inaleta maji ku nyumba. Yako inafanya kazi gani?"

Darasa lilicheka, hata Mbusa. Lakini siku moja Masika alichoka magoti, akaegesha daftari lake kwenye ukingo wa ile nafasi. Mbusa akalichukua bila neno, akamrudishia magotini. Hakuwa mkali. Alilishika kama mtu anayeondoa kitu kwenye kitanda cha mgonjwa.

Préfet alikuja darasani mwanzo wa juma. Akasimama mbele ya benchi la nne.

"Madame, hii fasi itabaki wazi mpaka siku gani?"

"Mwulize mama yake, Préfet."

"Mie hapana kwenda kuuliza mama wa mutu swali kama ile."

"Hata mimi siendi."

Akamgeukia Mbusa. Mbusa alikwisha simama. "Préfet, tulisema iko ku shamba. Kama si vile, mutu asimame aseme ile ya kweli, kwa Kiingereza, tuisikie."

Alingoja kweli. Aliangalia nyuma, aliangalia mbele. Hakuna aliyesimama.

Préfet alivua miwani, akaifuta. "Majina inaenda Ijumaa," akasema. "Ao fasi inabaki wazi, ao huyu binti anarudi ku nyumba. Ni darasa yenu. Muone." Akatoka.

Juma lile Masika aliacha kujibu utani. Mbusa aliendelea kufuta vumbi, lakini sasa hakumtazama Masika kabisa, na kukaa karibu hivyo na mtu bila kumtazama ni kazi ngumu. Kila mmoja alikuwa anamnyang'anya mwenzake kitu, na hakuna aliyekuwa na kosa. 

Alhamisi nikaanza kuita. Nilipofika benchi la tatu, mlango ukawa na mtu. Mama yake Kakule, kitenge kimefungwa vizuri, kitambaa kichwani, na nyuma yake Katungu, aliyechelewa kwa mara ya kwanza. Katungu aliishi mtaa mmoja na mama huyo. Wakati sisi wengine tuliogopa, yule asiyesema ndiye aliyekwenda.

"Wavukire, Madame," mama akasalimu. "Mutoto huyu ameniambia hapa asubuhi munaita mutoto wangu. Nimekuja kusikia. Itaka tu, vile munafanyaka."

Niligeukia benchi la nne. Nikasema, "Bench four?"

Katungu alikuwa amekaa. Mbusa akasimama, sauti chini. "Two are here. Kakule is at the farm."

"Amesema nini?" mama akaniuliza.

"Anasema Kakule yuko shambani."

Alifikiri, kama mtu anayepima kitenge kabla ya kukata. Kisha akamsemesha Mbusa, siyo mimi. "Aksanti, mwana. Lakini ku shamba haiko. Tulienda na wajomba zake, tukaangalia kila fasi. Haiko pale."

"Basi tuseme iko wapi, Mama?"

"Sijui." Akasema tena, "Sijui, mwana. Hakuna mutu ameniambia amekufa. Hakuna mutu ameniambia anaishi. Ile ya shamba tu ndiyo najua si vile."

Mbusa akakaa, akaweka uso kwenye mikono yake. Mama akalitazama benchi, pale palipofutwa, kisha akashusha macho akamwona Masika.

"Na huyu, juu ya nini iko chini?"

Alikuwa anauliza kwa nini Masika amekaa sakafuni. Katungu alikwisha mwambia, nadhani, lakini mama alitaka kusikia wakisema wenyewe. Mwishowe Masika mwenyewe alijibu. "Hakuna fasi, Mama."

"Na hii?"

"Hii ni fasi ya mutu."

"Na weye ni mutu." Akamshika mkono, akamwinua kutoka kwenye bidon. "Kuya uikale. Kakule ni mwembamba, unamuona? Haumuone. Mie namuona. Akirudia, mutasogea."

Masika aliketi ukingoni, kama mtu aliyekalia kitu cha moto. Mama akamsukuma kidogo kwa bega mpaka akaketi vizuri. Mbusa akasogea. Katungu akasogea. Upande wa dirisha ukabaki upana wa kiganja, na hakuna aliyeujaza.

Jina la Masika lilikwenda Ijumaa.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kengele, alinifuata barazani. "Madame, kutembea banasema je? Kutembea tu, bila kusema mutu anaenda wapi."

Nikamwambia. Nikamwuliza anataka nini na neno hilo.

"Kwetu bale bakichukua mutu, banamutembeza. Kaka yangu alitembea nabo sana, kisha akabatoroka. Tulipokuwa tunalia yeye alikuwa anatembea."

Nikaingia, nikaita. Sasa aliye karibu na mahali pa Kakule alikuwa Masika, na sheria ilimwangukia yeye. Akasimama. "Three are here," wako watatu. Kisha akalitamka neno lake polepole: "Kakule is walking."

Anatembea. Mbusa akainua kichwa akatazama dirishani, barabarani, kama Kakule alivyokuwa akifanya. Kwenda au kurudi, Masika hakusema, na mimi sikuuliza. Nikasema "Good". Kisha nikaita benchi la tano.

Walisema hivyo kila asubuhi mpaka mtihani. Masika aliufanya, akafaulu. Leo anafundisha watoto huko Alimbongo, na nimesikia anaita benchi. Mbusa anaendesha pikipiki ya abiria kati ya Beni na Butembo. Akinipakia hataki nilipe, na njiani anatazama kila kundi la watu wanaotembea pembeni.

Mnaonisoma mna simu ambazo zinatafsiri sentensi kabla hamjaimaliza. Zitumieni, zitawapunguzia kazi. Lakini simu haijui nani amekaa kando ya nani. Iteni benchi. Na ongezeni swali ambalo mimi niliongeza baada ya mwaka ule: mtoto akitajwa kwamba yuko shambani, mwiteni mwenzake mapumziko, pembeni, kwa Kiswahili au Kinande, mmwulize amekwenda na nani, njia gani, na nani nyumbani anajua. Msiulize mbele ya darasa. Siyo masikio yote yaliyomo darasani ni ya kuambiwa saa ambayo mama wa mtu anarudi kutoka shamba.

Nilipostaafu, binti yangu aliniita nikae kwake Butembo. Kabla ya kuondoka Beni nilizunguka kuaga. Mama yake Kakule hakuwa amerudi tena shambani. Aliuza maharage kwenye soko dogo la mtaa wake. Waliotoroka porini walikuwepo, wachache, na yeye alikwenda kumwuliza kila mmoja wao. Mmoja alidhani alimwona Kakule, mmoja hakumwona. Moto wa kilio hakuwa ameuwasha.

Mtaani watu walikuwa wameshaacha kumwuliza, kwa heshima. Mimi, sijui kwa nini, maneno yakanitoka. "Mama, habari ya Kakule?"

Akaweka ungo chini. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akasimama wima, mikono ubavuni, namna wanafunzi wanavyosimama. Katungu alikuwa amemfundisha mchana baada ya mchana, njiani kurudi nyumbani.

"He is walking," akasema.

Akaningoja. "Nimesema muzuri, Madame?"

"Umesema vizuri, Mama."

Darasani, hapo ningepita benchi linalofuata. Nikavuta kigoda, nikakaa kando yake, akanimiminia nusu ya maharage kwenye magoti yangu, tukayachagua, tukitupa mawe, mpaka wateja walipoanza kuja.